Kamera ya kutegesha porini ya bei nafuu: ipi haitaniaibisha? (Niko Muheza)

Mchungwa Chachu

Wakuu, habari za jioni. Nina shamba la ekari tatu njia ya Amani, kabla hujafika geti la Sigi. Machungwa ndiyo yanayonilisha, ila pembeni nimeweka mihogo ya nyumbani, na upande wa juu shamba linapakana na msitu. Tangu vuli ianze kuna mgeni anakuja usiku. Hang'oi shina. Anafukua ubavuni, anakula muhogo ukiwa ardhini, shina analiacha limesimama kama halijaguswa. Unakuja kugundua siku majani yanaponyauka.

Jirani kasema nguruwe. Mwingine kasema ndezi. Mama mkwe kasema mambo hayo yasizungumzwe usiku. Nimekesha siku mbili na tochi, nikaambulia mbu.

Sasa nasikia kuna kamera za kufunga kwenye mti, mnyama akipita zinapiga zenyewe. Mfuko wangu ni laki moja na nusu, nikijikamua sana laki mbili. Mtandaoni naona moja imeandikwa megapikseli 48, nyingine 36, nyingine 20, na bei zinapishana kidogo tu. Nikichukua ya 48 nitakuwa nimekosea? Na kwa joto letu hili na unyevu wa huku, zinadumu? Aliyewahi kuitumia kwa mkono wake naomba anijibu. Waliosoma matangazo tu tusubiriane kwanza.

Koroboi

Tega waya mkuu. Asubuhi una jibu na kitoweo.

Mchungwa Chachu

Waya hauchagui, ndugu yangu. Utanasa mbuzi wa jirani, nibaki na kesi mbili, ya mbuzi na ya maliasili. Tuendelee na kamera.

Sange Mwekundu

Mkuu Mchungwa, mimi nimezifunga hizi misimu kadhaa, mwanzo nikiwa kibarua wa watafiti huko milimani, siku hizi kwa raha zangu. Nianze na hiyo 48: isahau. Kamera nyingi za bei yako, jicho lenyewe la ndani lina megapikseli chache tu. Zilizobaki ni hesabu za programu, inachukua doa moja inalitanua kuwa madoa kumi. Faili linanenepa, kadi inajaa, mnyama haongezeki hata unywele. Ukishaipata, ishushe mpaka kiwango cha chini ilichonacho upige picha mbili ulinganishe. Hutaona tofauti, ila kadi itakushukuru.

Kazi kubwa ya kifaa hiki ni kuamka kwa wakati. Kile kidude cheupe kilichovimba chini ya lenzi ndicho kihisi joto. Hakioni mnyama. Kinachokishtua ni kitu chenye joto tofauti na vilivyokizunguka, kikikatiza mbele yake. Na hapo ndipo sisi wa pwani tunapopigwa, kwa sababu kule zinakouzwa sana ni nchi za baridi, paa akipita anawaka kama kaa kwenye majivu. Huku saa saba mchana, nyuzi 32 kivulini, ngozi ya mnyama na hewa vimekaribiana, kihisi kinasinzia. Ule umbali wa mita 25 ulioandikwa kwenye boksi, wewe mchana hesabu mita sita au saba. Usiku hali ya hewa ikipoa utapata zaidi, na mgeni wako ni wa usiku, kwa hiyo una bahati.

Ubaya wa pili ni kinyume cha huo. Jua likichoma jani la mgomba, upepo ukalitikisa, kwa kihisi hilo jani ni mnyama. Nimewahi kurudi na picha elfu moja na mia tatu, zote za mgomba mmoja. Naujua ule mgomba kuliko ndugu zangu wengine.

Sasa kasi. Kuanzia kihisi kushtuka mpaka picha kupigwa, nusu sekunde au chini ya hapo inafaa. Ikipita sekunde moja utakusanya mikia. Nina albamu nzima ya mikia ya nguchiro, mtu akitaka nimpe. Angalia pia kamera inachukua muda gani kabla ya kupiga tena, maana wanyama wengi hupita kwa kufuatana, na wa nyuma ndiye utakayemkosa. Mimi huweka picha tatu za mfululizo. Video inapendeza ila inanyonya betri, na usiku mnyama mwenye haraka anatoka kama mzimu.

Taa za usiku ziko namna mbili, utaona namba 850 au 940. Hiyo 850 inafika mbali, lakini ikiwaka jicho linaona wekundu hafifu kama ncha ya sigara. Hiyo 940 haionekani, ila mwanga wake ni mfupi na picha huwa na chengachenga. Kwa mla mihogo yoyote inatosha. Kwa mwizi wa miguu miwili chukua 940, la sivyo ataondoka na kamera yenyewe.

Majina: Reconyx ndizo watafiti wengi wanazozipenda na bei yake inapita dola 400, hiyo tuwaachie wenyewe. Browning na Bushnell ziko katikati, andaa dola mia na zaidi. Kwa mfuko wako utaangukia GardePro, Campark na wenzao. Sijali sana jina. Tafuta picha za usiku zilizopigwa na wanunuzi, usitazame za muuzaji, na usome wanaolalamika kwanza. Anayesifia kanunua jana.

Ushauri wangu: usimalize pesa yote kwenye kamera. Laki moja na ishirini au thelathini kwenye kamera, iliyobaki kwenye betri na kadi. Wengi wananunua kamera ya laki mbili halafu wanaitia betri za saa ya ukutani.

FundiNgamiani

Hapo kwenye betri niachieni mimi, ndiyo riziki yangu.

Kamera hizi nyingi hula AA nane, nyingine nne. Zile betri za bei chee za kwa mangi ni za redio na rimoti. Taa za usiku zinahitaji umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, betri hizo zinaishiwa pumzi. Kamera itapiga vizuri mchana, usiku itazima au itakuletea picha nyeusi, na wewe utasema kamera mbovu. Nunua alkalaini za kweli. Lithiamu za volti 1.5 ndizo zinazokaa muda mrefu kuliko zote, ila bei yake ukiisikia utakaa chini, na si za kuchaji.

Za kuchaji ni nzuri kwa mtu anayetegesha mwaka mzima, lakini moja ni volti 1.2, siyo 1.5. Nane za mfululizo zinakupa 9.6 badala ya 12. Kuna kamera inayovumilia, na kuna nyingine ambayo siku ya kwanza tu inakuonyesha betri ni robo. Soma kijitabu chake kabla ya kununua, wengi wanakitupa pamoja na boksi. Na usichanganye nzee na mpya, moja iliyochoka inazivuta zote.

Pembeni huwa kuna tundu la umeme wa nje. Tafadhali soma limeandikwa 6 au 12! Mteja kaniletea ya volti 6, kachomeka betri ya bodaboda. Nilimrudishia gamba.

Kadi ya GB 32 inatosha, na nyingine za bei hiyo hazisomi kubwa zaidi. Ifomati ndani ya kamera yenyewe, usifomati kwenye simu. Kadi feki zimejaa: nje 128, ndani 8, picha zinaandikwa hewani.

Mchungwa Chachu

Fundi, sola je? Naona wanauza kipaneli kidogo pamoja na kamera.

FundiNgamiani

Kwenye minazi pale ufukweni sawa. Wewe uko chini ya kivuli cha Usambara, utakuwa unachaji matumaini.

Mama Nazi Mbata

Mchungwa mwanangu, hujambo. Mimi niko Mkwaja, upande wa Saadani, kamera nimekuwa nazo tangu kijana wangu aniletee. Sisi huku adui ni chumvi. Miezi minne tu, vile vyuma vinavyoshika betri vikaota kutu ya kijani. Sasa kila nikibadilisha betri navisugua kwa ufutio wa penseli, na ndani natia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wewe uko mbali na bahari lakini unyevu wa Amani si mchezo, vitie.

Sisimizi nao! Waliingia kwenye katundu ka maikrofoni wakazaa humo. Usipulize dawa ya wadudu karibu na lenzi, plastiki inapata ukungu, na harufu wanyama wanaikimbia. Mimi nauzungushia mti utambaa wenye grisi, chini na juu ya kamera. Haupendezi lakini unafanya kazi.

Kamera yangu ya kwanza iling'olewa na tembo. Sijui ilimkosea nini. Niliikuta imekanyagwa, kadi nzima, na picha ya mwisho ni ngozi tupu. Siku hizi naiweka juu kuliko kichwa cha mtu, imeinamishwa. Wewe huna tembo, iweke chini.

La mwisho, usidanganywe na zile za laini zinazotuma picha kwenye simu. Zipo zilizotengenezwa kwa mitandao ya Marekani, laini zetu hazishiki. Niliuziwa moja hivyo na mtu aliyejua fika. Imekuwa kiota cha mjusi.

Mchungwa Chachu

Shikamoo Mama. Nimekusikia, ya laini siitaki, bora nipande mwenyewe kufuata kadi.

Mchungwa Chachu

Wakuu, narudi na mrejesho, siku kumi na tano baadaye. Nimeagiza kupitia kijana wa Kariakoo, ikaja na basi mpaka Muheza, laki moja na thelathini na tano pamoja na nauli yake. Betri nane alkalaini, kadi 32. Nikaifunga kwenye mchungwa, usawa wa kifua, ikitazama mihogo.

Siku tatu: picha 1,904. Nimezipitia zote na mke wangu mpaka akalala kwenye kiti. Majani. Majani. Mke wangu anamwagilia bustani. Majani. Asubuhi zote nyeupe kabisa kama shuka. Usiku mmoja kuna macho mawili, mbali, na hata sijui ni ya nani. Betri zimeshuka nusu. Halafu tarehe inasema 01/01. Nimepigwa?

Sange Mwekundu

Hujapigwa, umeifunga vibaya, kama sisi sote tulivyoanza.

Picha nyeupe za asubuhi ni kwamba inatazama mashariki. Igeuze kaskazini au kusini, jua lisiiangalie usoni likichomoza wala likizama. Usawa wa kifua ni wa kupigia ng'ombe. Anayekula muhogo ardhini ni mfupi, kwa hiyo ishushe mpaka magotini na ilale sambamba na ardhi. Fyeka majani yote mita mbili tatu mbele ya lenzi, hata lile dogo linaloonekana halina neno, hilo ndilo litakaloteketeza betri. Kisha shusha ukali wa kihisi hadi katikati.

Usiielekeze kwenye mihogo yenyewe. Tembea asubuhi ukingoni mwa msitu utafute kinjia, nyasi zilizolala, kinyesi, udongo uliochakurwa. Mnyama anafika shambani kwa njia yake ileile kila siku. Funga kamera mita nne hivi kutoka kwenye hiyo njia, ikiitazama kwa mshazari. Mnyama akikatiza moja kwa moja mbele ya lenzi anapita haraka, akija kwa mshazari kamera inapata muda wa kuamka. Halafu pita mwenyewe kwa kuchuchumaa uone kama inakupiga. Majirani watakucheka, vumilia.

Ila ifunge kwenye mti wa shamba lako. Ule msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, huko huwezi kuingia ukafunga vitu vyako bila kibali.

Tarehe: ukitoa betri zote saa nyingine zinasahau. Iweke upya kila mara, la sivyo hutajua mgeni anakuja lini, na hiyo ndiyo nusu ya faida.

Koroboi

Na saa usiweke ya Kiswahili, mkuu. Binamu yangu aliweka saa mbili usiku, akaandika 02:00. Akawa anashangaa popo wanatoka usiku wa manane.

Mchungwa Chachu

Koroboi leo umesaidia.

Mchungwa Chachu

Mrejesho wa pili. Nimeihamishia kwenye mfenesi wa ukingoni, usawa wa goti, inatazama kusini. Usiku sita, picha 287. Huu ni muujiza mdogo.

Kwanza jambo la kusikitisha. Picha ya 41 mpaka ya 43 ni binadamu. Kabeba mkungu wa ndizi, na ndizi ni zangu. Uso unaonekana vizuri kabisa, nguo naijua. Sijui nicheke au nilie, maana sikumtegea yeye.

Koroboi

Weka picha humu tumjue!

Mama Nazi Mbata

Usiweke, mwanangu. Mkungu mmoja usikuletee uhasama wa miaka. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na picha zako kwenye simu, mkae, aitwe. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uso wa mtu si wa kutandaza mitandaoni. Mimi kamera yangu nimewaambia majirani wote iko wapi na ya nini. Wizi wa nazi umepungua bila kumshika mtu.

Mchungwa Chachu

Sawa Mama, nitafanya hivyo.

Sasa mhusika wa mihogo. Saa nane na dakika kumi na nne usiku, yaani kamera imeandika 02:14. Nungunungu! Wawili wakubwa na mtoto mmoja katikati yao, miiba imelala, wanatembea kama wanakwenda harusini. Wamekuja usiku nne kati ya sita, daima baina ya saa saba na saa tisa. Nguruwe hata mmoja sijamwona. Jirani niliyembishia naomba radhi, ingawa naye alikosea.

Nimerudi shambani kuangalia mihogo iliyobaki: alama za meno mawili mapana kama patasi. Zilikuwepo muda wote, sikuwa nazitazama.

FundiNgamiani

Betri je?

Mchungwa Chachu

Niliweka mpya, bado ziko robo tatu baada ya usiku sita. Nilikuwa nalisha majani tu.

Koroboi

Nungunungu ni nyama tamu, nasema tu.

Mchungwa Chachu

Nimepata mabati ya zamani, nitayasimamisha kuzunguka mihogo, chini niyafukie kidogo, maana huyu anachimba. Na kamera naiacha palepale nione kama watazunguka.

Lakini Sange, kuna kitu kingine nataka nikuulize wewe. Picha ya 198, saa tatu kasoro asubuhi. Kadude kama panya mkubwa, miguu mirefu, pua ndefu inayopinda kama mrija, mbele mwekundu wa kutu na nyuma mweusi kabisa. Kanafukuafukua majani makavu. Sikuwahi kukaona, na nimezaliwa hapa.

Sange Mwekundu

Mkuu, huyo ndiye jina langu humu. Sange. Huyo wako mwekundu na mweusi anapatikana kwenye misitu ya pwani na milima yetu ya mashariki, na ni wa mchana, usiku analala kwenye kiota cha majani. Umbo lake linakudanganya: kwa ukoo yuko karibu na tembo kuliko panya. Ndugu yake wa Udzungwa, yule mkubwa mwenye uso wa kijivu, aligunduliwa kwa kamera kama hiyo yako, picha za 2005, na 2008 wakamtangaza kuwa spishi mpya. Watu walikuwa wakipita ule msitu miaka na miaka.

Nakuomba mambo mawili. Usifagie yale majani makavu chini ya mfenesi, ndiyo chakula chake, anatafuta wadudu humo. Na ukiweka picha mahali popote andika "Muheza" tu, mti na kona ya shamba baki nayo mwenyewe.

Niambie, alikuwa peke yake? Huwa wanaishi dume na jike eneo moja, ila mara nyingi kila mmoja na hamsini zake.

Mchungwa Chachu

Picha ya 198 yuko mmoja. Ya 231, siku mbili baadaye, nadhani ni mwingine, huyu mkia una ncha nyeupe na wa kwanza sikuiona. Au labda ni yuleyule kageuka. Naiacha wiki nyingine, nimeongeza picha ziwe tatu za mfululizo. Jumamosi nafuata kadi, nitaleta.

Mama Nazi Mbata

Na mama mkwe umemwonyesha?

Mchungwa Chachu

Nimemwonyesha. Kavaa miwani, kamtazama nungunungu kwa muda mrefu sana, akanirudishia simu. Kasema huyo siye.